Kile si wino: Fahamu kimiminika kilicho ndani ya kioo cha simu yako, na mistari kinayojichora umeme ukipita

Kwa ufupi

- Ndani ya kitochi, kalkuleta, kidude cha LUKU na mizani nyingi za dijitali kuna kimiminika cha ajabu kiitwacho fuwele kimiminika. Ndicho kinachokuonyesha namba.
- Ukikipa umeme kwa namna fulani, kinaanza kuzunguka chenyewe na kujichora mistari. Richard Williams aliiona mistari hiyo Marekani mwaka 1962.
- Mistari hiyo ndiyo iliyofungua njia ya vioo vya LCD. Lakini kioo kilicho mkononi mwako leo kinafanya kazi kwa sababu wahandisi walijifunza kuizuia isitokee.
- Mwisho wa makala haya kuna vipimo vya kufanya mwenyewe: kabla hujamlipa fundi simu, na kabla hujakubali kilo ulizosomewa kwenye mizani.

Anzia kwenye shamba la ngano

Ukisimama kando ya shamba la ngano Basotu, wilayani Hanang, siku yenye upepo, unaona kitu kimoja wazi. Mabua yote yanalala upande mmoja.

Hayajapangwa kwa mstari kama wanafunzi paredi. Moja liko mbele, lingine nyuma, lingine limejitenga. Lakini yote yanaelekea kule kule upepo unakoelekea.

Shika picha hiyo, maana fuwele kimiminika iko hivyo hivyo, ila kwa udogo usioonekana kwa macho.

Katika maji ya kawaida, molekuli zimekaa ovyo, kila moja inaelekea kwake. Katika fuwele kama chumvi, chembe zimepangwa sawasawa na hazitoki mahali pake. Fuwele kimiminika iko katikati. Molekuli zake ni ndefu kama vijiti, zinateleza huku na kule kama kimiminika chochote, lakini zinapenda kuelekea upande mmoja.

Aina iliyo rahisi zaidi inaitwa nematiki. Jina hilo lilitolewa na Mfaransa Georges Friedel mwaka 1922, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya uzi, kwa sababu chini ya hadubini kimiminika hiki huonekana kina nyuzi nyuzi.

Ilianzia kwa mtaalamu wa mimea

Hadithi yenyewe ilianza mwaka 1888 mjini Prague. Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea kutoka Austria, alikuwa anachunguza kemikali inayohusiana na kolesteroli. Alipoipasha moto ikamshangaza, kwa sababu iliyeyuka mara mbili.

Kwenye nyuzi joto 145.5 iligeuka kimiminika chenye ukungu kama maji ya mchele. Kwenye nyuzi 178.5 ukungu ukatoweka, ikawa angavu kabisa.

Reinitzer alimwandikia mwanafizikia Mjerumani Otto Lehmann, aliyekuwa na hadubini yenye sehemu ya kupashia moto. Lehmann akaona kwamba ule ukungu si uchafu. Ni hali nyingine ya maada, inayotiririka kama kimiminika lakini inacheza na mwanga kama fuwele.

Kwa miaka mingi watu waliona ni kitu cha kushangaza tu, hakina kazi.

Kizingiti: umeme mdogo hauna maana

Kabla ya kufika kwenye mistari, kuna jambo moja la kuelewa. Molekuli hizi ni kaidi.

Chukua vipande viwili vya kioo, weka kimiminika katikati. Ukiwa umesugua vioo hivyo kwa kitambaa kuelekea upande mmoja, molekuli zilizogusana na kioo zinashika uelekeo huo na kuung'ang'ania. Ni kama bua la ngano: juu linayumba, lakini shina limeshikwa na udongo.

Sasa ukileta nguvu ya kugeuza molekuli, za katikati zinataka kutii, lakini zilizoshikwa na kioo zinazivuta zirudi. Nguvu ikiwa ndogo, hakuna kinachotokea kabisa. Ikipita kiwango fulani, za katikati zinainama ghafla.

Kiwango hicho ndicho kizingiti. Aliyekichunguza kwa makini ni Mrusi Vsevolod Frederiks na wenzake mjini Leningrad, kuanzia mwaka 1927, kwanza kwa kutumia sumaku na baadaye umeme. Mwaka 1936 Frederiks alikamatwa wakati wa utawala wa Stalin, na akafariki mwaka 1944. Hakuwahi kuona kioo hata kimoja cha LCD, lakini kila kioo cha LCD kinatumia ugunduzi wake.

Cha kuvutia ni kwamba kwa umeme, kizingiti hicho hakitegemei unene wa kimiminika. Kwa kemikali moja maarufu iitwayo 5CB, ni chini ya volti 1. Betri moja ndogo ya saa inatosha kukivuka.

1962: Mistari inajitokeza yenyewe

Sasa twende Princeton, jimbo la New Jersey, Marekani, kwenye maabara ya kampuni ya redio na televisheni ya RCA.

Mwaka 1962, Richard Williams aliweka nematiki katikati ya vioo viwili vilivyopakwa tabaka jembamba linalopitisha umeme. Kemikali aliyotumia inakuwa nematiki ikiwa moto tu, kati ya nyuzi joto 117 na 136. Akaunganisha umeme na kutazama kwa hadubini.

Akaona mistari. Mweusi, mweupe, mweusi, mweupe, imepangika kama matuta shambani. Akizima umeme, inapotea. Akiwasha, inarudi. Ripoti yake ilichapishwa mwaka 1963, na mpaka leo mistari hiyo inaitwa kwa jina lake.

Swali likawa: nani anaichora? Umeme umesambaa sawasawa kwenye kioo chote. Hakuna kalamu wala kiolezo. Mistari inatoka wapi?

Kama maharage kwenye sufuria

Jibu la haraka liko jikoni.

Ukichemsha maharage, yanapanda sehemu moja ya sufuria na kuzama sehemu nyingine. Hakuna anayekoroga. Maji ya chini yanapata moto, yanakuwa mepesi, yanapanda. Ya juu yanapoa, yanakuwa mazito, yanashuka. Mzunguko huo unaitwa myuko. Kimiminika kikiwa tabaka jembamba na moto ukiwa sawa, mizunguko hiyo hujipanga kwa mpangilio unaojirudia, jambo ambalo Mfaransa Henri Bénard alilichunguza mwaka 1900.

Hata sisi Watanzania tuna jina kwenye sayansi ya vimiminika vinavyojizungusha. Mwaka 1963, mwaka ule ule ripoti ya Williams ilipotoka, mwanafunzi Erasto Mpemba wa Sekondari ya Magamba, Lushoto, aligundua kwamba mchanganyiko wake wa aiskrimu uliokuwa wa moto uliganda kabla ya ule uliopoa. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne, mwalimu wa fizikia chuo kikuu Dar es Salaam, wakachapisha makala kuhusu jambo hilo, na mikondo ya myuko ilikuwa sehemu ya maelezo yao. Wanasayansi wanabishana juu yake mpaka leo.

Mwaka huo huo wa 1969 ndipo mistari ya Williams nayo ilipopata maelezo kamili. Ni myuko pia. Tofauti ni kwamba kinachokoroga hapa ni umeme badala ya moto.

Umeme unakorogaje? Hatua kwa hatua

Maelezo haya yanaitwa ya Carr na Helfrich, kwa majina ya Edward Carr na Wolfgang Helfrich. Yasome taratibu, si magumu.

1. Kuna chembe zenye chaji. Ndani ya kimiminika kuna ayoni chache, yaani chembe zenye chaji chanya au hasi. Kwa kawaida zinatokana na uchafu mdogo, au zimeongezwa makusudi.

2. Molekuli hazitulii kabisa. Hata zikiwa zimepangwa, zinatikisika kidogo kwa sababu ya joto. Mahali fulani zinapinda kidogo tu.

3. Ayoni hupenda njia rahisi. Ni rahisi zaidi kwao kupita sambamba na vijiti kuliko kuvikata. Kwa hiyo palipopinda, zinapotoshwa njia. Chaji chanya zinajikusanya hapa, hasi zinajikusanya pale jirani.

4. Umeme unazivuta. Mkusanyiko wa chanya unavutwa upande mmoja, wa hasi upande mwingine. Zikienda, zinaburuta kimiminika. Hapa kinapanda, pale kinashuka.

5. Mzunguko unapindisha zaidi. Kimiminika kinachozunguka kinazigeuza molekuli zizidi kupinda. Zikizidi kupinda, ayoni nyingi zaidi zinapotoshwa. Na mchezo unaanza upya kwa nguvu zaidi.

Rudi kwenye ngano. Fikiria ngano iliyolala ingekuwa na uwezo wa kuuelekeza upepo upite palepale ilipolala, na upepo nao ukazidi kuilaza. Basi ndivyo ilivyo. Kitu kidogo kinajiongezea chenyewe.

Umeme ukiwa mdogo, ukaidi wa molekuli na mnato wa kimiminika unashinda, na kila mpindo unajifuta. Ukipita kizingiti, mpindo unashinda. Kwa kemikali iitwayo MBBA, inayotumika sana maabara kwa sababu ni nematiki kwenye joto la kawaida la chumba, kizingiti hicho huwa ni volti chache tu.

Hapo kimiminika chote kinajigawa kwenye mirija ya kuzunguka iliyolala sambamba, mmoja unazunguka kulia, jirani yake kushoto. Upana wa kila mrija unakaribiana na unene wa tabaka la kimiminika. Mwanga ukipita, molekuli zilizopinda zinaukusanya sehemu moja na kuutawanya nyingine. Ndiyo ile mistari myeusi na myeupe.

Ukizidi kupandisha umeme

Watafiti wanatumia umeme wa AC, ule unaobadili uelekeo. Unaweza kujiuliza: umeme ukigeuka, si mzunguko nao ungegeuka? Hapana. Umeme ukigeuka, na mkusanyiko wa chaji nao unageuka. Vyote viwili vikigeuka pamoja, msukumo unabaki upande ule ule.

Ukipandisha volti taratibu, unaona hatua kadhaa:

- Kwanza mistari iliyonyooka.
- Kisha mistari inaanza kuyumba kama nyoka.
- Baadaye mingine inaikata, inakuwa kama wavu.
- Mwisho kila kitu kinavurugika. Kimiminika kinachemka bila joto, mwanga unatawanyika kila upande, na kioo kilichokuwa angavu kinakuwa cheupe kama maziwa.

Ukibadili kasi ya AC badala ya volti, picha nayo inabadilika. Kasi ikizidi, ayoni hazina muda wa kuhama. Sasa molekuli zenyewe ndizo zinazogeuka kwenda na kurudi. Mistari inakuwa myembamba sana, halafu inajipanga kwa umbo la V nyingi, kama alama za cheo kwenye mkono wa shati la askari.

Kutoka kwenye fujo hadi kalkuleta

Katika maabara ile ile ya RCA, mhandisi kijana George Heilmeier aliitazama ile hali ya mwisho, ya kioo kuwa cheupe kama maziwa, akaona biashara.

Alifikiri hivi: kama umeme unageuza kioo angavu kuwa cheupe, basi ukiweka umeme sehemu unazotaka tu, unaweza kuandika namba. Mwezi Mei 1968 RCA ikawaonyesha waandishi wa habari vioo vya kwanza vya namna hiyo.

RCA wenyewe hawakuendelea nayo sana. Kampuni ya Sharp ya Japan ikaichukua, na mwaka 1973 ikatoa kalkuleta ya mfukoni iitwayo EL-805, iliyotumia kioo hicho hicho cha msukosuko. Heilmeier baadaye, mwaka 2005, alipewa Tuzo ya Kyoto.

Lakini mbinu hiyo ilikuwa na ugonjwa wake. Ili kimiminika kikoroge, lazima ayoni zipite. Ayoni zikipita, umeme unatumika. Na zikifika kwenye kuta za kioo, zinasababisha mabadiliko ya kikemia yanayoharibu kimiminika. Kwa maneno mengine, kioo kilikuwa kinajila chenyewe kila kinapofanya kazi.

Siri ya kioo chako: geuza, usikoroge

Dawa ilipatikana haraka. Tarehe 4 Desemba 1970, Helfrich yule yule, akiwa sasa Uswisi pamoja na Martin Schadt katika kampuni ya Hoffmann-La Roche, waliomba hataza ya mbinu mpya. Marekani, James Fergason naye alifikia wazo kama hilo.

Wazo lilikuwa: achana na ayoni, achana na mikondo. Tumia ugunduzi wa Frederiks tu. Zigeuze molekuli mahali zilipo.

Inafanyika hivi. Juu na chini ya kimiminika kuna filamu mbili za kuchuja mwanga. Fikiria kuta mbili zenye nyufa, moja wima na nyingine mlalo. Kijiti kinachopita ukuta wa kwanza kikiwa wima hakiwezi kupita wa pili. Vivyo hivyo mwanga unazuiwa.

Katikati ya filamu hizo, molekuli zimepangwa zijisokote kama ngazi ya mzunguko, robo duara. Zinaushika mwanga na kuugeuza taratibu, mpaka unafika ukuta wa pili ukiwa mlalo. Unapita. Kioo kinaonekana cheupe.

Ukiweka umeme, molekuli zinasimama na msokoto unafunguka. Mwanga haugeuzwi tena, unakwama. Sehemu hiyo inakuwa nyeusi. Basi, hiyo ndiyo namba unayoiona kwenye kalkuleta.

Hakuna mkondo wa maana unaopita, kwa hiyo umeme unaotumika ni kidogo mno. Ndiyo maana saa ya mkononi yenye kioo hiki inakaa miaka kwa betri moja.

Kilichobaki kilikuwa kemikali nzuri. Mwaka 1973 George Gray na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, walitangaza kundi la kemikali zisizoharibika ovyo, ikiwemo ile 5CB tuliyoitaja. Peke yake, 5CB ni nematiki kati ya nyuzi joto 24 na 35 hivi tu. Asubuhi ya baridi chini ya Mlima Hanang ingeganda. Kwa hiyo kemikali kadhaa huchanganywa ili kioo kivumilie baridi na joto.

Kutoka hapo njia ikafunguka: saa, kalkuleta, mita, na simu kama Nokia 1100 ya mwaka 2003, iliyosambaa sana Afrika Mashariki. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, wengi walisoma salio lao la kwanza kwenye kioo cha aina hii.

Ndani ya kioo cha simu ya kisasa ya LCD, tabaka la kimiminika lina unene wa maikromita chache tu. Unywele wa binadamu una unene wa karibu maikromita 70. Kimiminika kinasafishwa mno ili ayoni zisiwepo, na umeme unabadilishwa uelekeo makumi ya mara kila sekunde. Ungekuwa wa upande mmoja muda wote, ayoni chache zilizobaki zingejikusanya na kuacha kivuli cha picha ya zamani.

Kwa kifupi, ayoni zilizochora mistari ya Williams sasa ndizo adui wa kioo.

Kwa nini wanasayansi bado wanaihitaji mistari

Kama viwandani imekimbiwa, maabara inapendwa. Kipande cha kioo kinachotosha kwenye ukucha kinaweza kubeba mamia ya mirija ya kuzunguka, na unaibadilisha kwa kugeuza kitufe cha volti. Ukitaka kusoma mawingu au bahari kwa namna hiyo, utasubiri sana.

Mwaka 2007, Kazumasa Takeuchi na wenzake nchini Japan walitumia msukosuko wa fuwele kimiminika kujibu swali gumu: kitu kinachoenea kwa kuambukiza jirani, kama moto wa nyikani, kinafuata sheria gani pale kinapokuwa kwenye mpaka wa kuenea au kuzima? Nadharia ilikuwepo kwa miongo, lakini ushahidi wa wazi wa maabara ulikuwa haujapatikana. Mabaka ya msukosuko yakawapa jibu.

Kanuni ile ya "kidogo kinajiongezea chenyewe" haiko kwenye kioo tu. Mwaka 1950 W. A. Macfadyen aliandika kuhusu mistari ya vichaka iliyoonekana kutoka angani Somaliland: mstari wa majani, mstari wa udongo mtupu, tena majani. Hakuna aliyeipanda. Palipo na majani maji yanaingia ardhini zaidi, na penye maji majani yanaota zaidi. Huko hakuna umeme, lakini hesabu zake ni ndugu.

Sasa tuje mfukoni: mambo matano ya kujua

1. Weusi unaosambaa si wino

Simu ikidondoka na kioo cha LCD kikapasuka, doa jeusi linasambaa na watu wanasema "wino umemwagika". Hakuna wino. Tabaka limefunguka, hewa imeingia, na molekuli zimepoteza mpangilio. Hakuna programu wala kuwasha na kuzima kutakakolirudisha. Ni kubadili kioo tu.

Kama majimaji yametoka, usiguse kisha ukashika macho au chakula. Nawa kwa sabuni, na usimwachie mtoto simu hiyo.

2. Jua kama kioo chako ni LCD au OLED

Kioo cha OLED hakitumii fuwele kimiminika. Kila nukta inajiwakia yenyewe, na doa jeusi likisambaa huko ni nukta zilizokufa. Kwa kawaida ni ghali kuliko LCD, na ndipo wengine wanapopigwa: simu ilikuja na OLED, inatoka kwa fundi na LCD kwa bei ya OLED.

Kipimo ni rahisi. Fungua picha nyeusi tupu, ongeza mwanga mpaka mwisho, ingia kwenye giza. Kioo kikiendelea kutoa mwanga wa kijivu hafifu, ni LCD, kwa sababu taa ya nyuma inavujisha mwanga. Kikiwa giza totoro kama kimezimwa, ni OLED. Fanya kipimo hiki kabla hujaiacha simu, rudia ukiichukua, mbele ya fundi, kabla hujalipa.

3. Jua kali linaweza kuzima picha

Kila mchanganyiko una joto ambalo likipita, molekuli zinasahau uelekeo na kuwa kimiminika cha kawaida. Mchanganyiko mmoja wa zamani maarufu, E7, hufika hapo karibu nyuzi joto 60. Simu au mizani iliyoachwa juani, au juu ya dashibodi, inaweza kuonyesha mabaka meusi. Iweke kivulini, itulie, mara nyingi inarudi. Usiitie kwenye friji. Unyevu utaingia ndani na hilo ni tatizo jipya.

4. Miwani ya jua inaweza kukudanganya

Kama umevaa miwani ya jua yenye filamu ya kuchuja mwanga na simu inaonekana imezima, izungushe kidogo. Miwani yako imekuwa "ukuta wa tatu". Kioo hakijaharibika.

5. Kwenye mizani, dai 8 kwanza

Hili linamhusu kila anayeuza mazao. Namba kwenye vioo hivi inaundwa na vipande saba. Vyote vikiwaka ni 8. Kipande kimoja kikifa, namba inageuka nyingine kabisa bila kuonekana kama imeharibika:

- 8 ikipoteza kipande cha katikati inasomeka 0.
- 8 ikipoteza kipande cha juu kulia inasomeka 6.
- 8 ikipoteza kipande cha chini kushoto inasomeka 9.

Yaani gunia la kilo 88 linaweza kusomeka 80 au 86, na mwenye mizani akaapa kwamba hajagusa kitu, na asiwe anasema uongo. Mara nyingi kosa si la kimiminika. Ni kipande cha mpira au utepe unaounganisha kioo na saketi, umelegea au umeingia vumbi.

Mizani nyingi za dijitali zikiwashwa huonyesha 8 kila mahali kwa sekunde moja au mbili. Kazi yake ni hiyo hiyo, kukuonyesha vipande vyote vinafanya kazi. Kwa hiyo kabla ya kupima, omba izimwe na kuwashwa upya mbele yako. Hesabu zile 8. Ikikosa kipande hata kimoja, usiuze kwa mizani hiyo.

Kama mizani yako haionyeshi 8, pandisha kitu unachojua uzito wake, kwa mfano mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa. Angalia pia stika ya Wakala wa Vipimo, WMA, kama ipo na haijapitwa na wakati. Mwenye shaka anaruhusiwa kuwapelekea malalamiko.

Kama namba zinawaka rangi nyekundu au kijani zenyewe gizani, hizo ni taa za LED, si fuwele kimiminika. Lakini kipimo cha 8 ni kile kile.